Nitakujibu Likichanua

Yule kijana wa maua hakumwona. Angemwonaje, na yeye amekumbatia chungu chenye mchikichi mrefu kuliko mlinzi wa mlangoni, majani yamemfunika uso mzima? Ilikuwa Jumatatu asubuhi, lifti zote zimegoma, ukumbi wa jengo umefurika watu waliokunja sura, na yeye anajipenyeza katikati yao kwa sauti tu: "Samahani, dada. Nipishe, mzee wangu. Pole, kaka, ni jani tu hilo, haling'ati." Jani moja likamvua mhasibu mmoja miwani. Jingine likanasa kwenye kilemba cha binti wa mapokezi, na mti uliposonga mbele, kilemba nacho kikasonga.

"We! We mti! Nirudishie kitu changu!"

Watu wakacheka, hata wale walionuna. Kijana akatua chungu, akachungulia kati ya majani, na hapo ndipo akamwona: binti mwembamba, gauni la samawati lenye mikono mipana, mkono mmoja umefunika nywele, mwingine umeshika kiuno. Kilemba chake cha rangi ya machungwa kinaning'inia juu kabisa ya mti. Kijana akauinamisha mti, akakitungua kilemba, akampa.

"Na mbona huu mwingine mnauondoa?" binti akauliza akijifunga kilemba upya, maana mti wa zamani ulikuwa tayari umepakiwa kwenye mkokoteni. "Nimeshauzoea."

"Umechoka, dada yangu. Humu ndani hamna jua. Tunaupeleka kitaluni ukapumzike, tunaleta mwenzake. Tunaizungusha."

"Mimi nimekaa hapa miaka bila jua. Mimi mnanizungusha lini?"

"Hata leo ukikubali. Chungu cha saizi yako ninacho."

Binti akacheka, kisha akajifanya hakucheka. Kijana, kwa kutaka acheke tena, akamwaga siri za kazi yote. Akamweleza kwamba wateja wengi huapa mti wa ofisini kwao ni uleule tangu walipohamia, kumbe umeshabadilishwa mara kumi. Akamwambia kwamba mwenye kitalu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kufukuzia ndege, ana amri moja tu: mteja asione jani likifa.

"Kwa hiyo mnatudanganya."

"Tunawafurahisha."

"Haya, mfurahishaji. Toa mkokoteni wako njiani."

Tangu siku hiyo mchikichi wa ukumbi ule ukawa mgonjwa kuliko miti yote ya mjini. Leo una vumbi, kesho una wadudu, keshokutwa unahitaji kugeuzwa upande. Kijana akawa hakauki pale. Alifuta jani moja mpaka likang'aa kama kiatu cha bwana harusi, macho yakiwa mezani kwa binti. Yeye akamwita Mapokezi. Binti naye akamwita Majani, na majina hayo yakawaganda mpaka wakasahau mengine.

Simu zikaanza.

"Haloo, Mapokezi?"

"Mapokezi yamefungwa. Acha ujumbe."

"Ujumbe wangu mrefu."

"Fupisha, nina sufuria jikoni."

"Nimekukumbuka."

"Huo mfupi mno. Hebu rudia."

Wakaanza kutoka pamoja Jumapili, wakitembea mitaani mkono kwa mkono, kijana akisimama kila penye bustani ya watu na kukosoa namna maua yalivyokatwa, binti akimvuta shati: "Twende, Majani, hukualikwa." Walipendana kwa kutaniana, na ukiwaona ungedhani hawana huzuni hata kidogo. Lakini binti alikuwa nayo, na ilikuwa nyumbani, kwenye roshani.

Mama yake alikuwa mshonaji. Alikufa mwaka mmoja nyuma, akaacha cherehani, kabati la vitambaa, na okidi moja iliyopandwa kwenye mkaa ndani ya chungu kilichovunjika ukingo. Okidi hiyo walihama nayo nyumba hadi nyumba, mama akiipakata garini na kumwachia binti abebe vyombo. Ilichanua mara moja kwa mwaka, maua meupe yenye koo la njano, na jani lake moja lilikuwa na pengo dogo ukingoni, mama alipolikata kwa bahati mbaya na mkasi wa kushonea. Binti aliinywesha maji asubuhi na jioni, kwa mapenzi na kwa hofu. Ndivyo okidi nyingi zinavyouawa.

Siku aliyompigia simu alikuwa hatanii.

"Majani, njoo. Ua la mama linageuka njano."

Akaja na buti zake. Akapiga magoti pale roshani, akachokoa mkaa kwa kidole, akakuta mizizi imekuwa laini kama uji. Alijua palepale. Lakini alipoinua macho akamwona binti amesimama mlangoni, viganja vimebana mashavu, anamtazama yeye kama daktari.

"Itapona?"

"Niachie niende nayo kitaluni. Kule ndiko hospitali."

"Majani, nakuomba. Nimebaki na hiyo tu."

"Niamini mimi," akasema, na alimaanisha.

Alijitahidi, hilo tusimnyime. Aliikata mizizi iliyooza, akapaka unga wa mdalasini kwenye majeraha, akaiweka kwenye mkaa mkavu, kivulini, mbali na mabomba. Kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kuichungulia. Okidi ya namna ile ina moyo mmoja tu, pale katikati majani yanapochipukia, na moyo ukishaoza hakuna pa kuanzia tena. Asubuhi moja akakuta pale katikati pamekuwa peusi. Akagusa jani lenye pengo, likamng'okea mkononi.

"Imekwenda hiyo," mwenye kitalu akasema nyuma yake.

"Bado, Bosi. Labda nikikata hapa chini..."

"Mwanangu, imekwenda. Chukua moja pale kwenye meza ya nyeupe, umpelekee. Okidi isiyo na ua ni yaleyale. Hata mimi sizitofautishi."

"Hii ilikuwa ya mama yake."

"Ndiyo maana nakwambia. Msiba wa mama haujamtoka, wewe unataka kumtia mwingine? Badilisha. Ndiyo kazi yetu."

Ingekuwa mtu mwingine, angebaki hajui la kufanya. Huyu alijua vizuri mno. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka mingi. Akachagua okidi ya umri uleule, yenye majani kiasi kilekile. Akaihamishia kwenye chungu kilichovunjika ukingo, akaijazia mkaa uleule. Kisha akachukua mkasi wa kitaluni, akalilinganisha jani, akakata pengo dogo ukingoni. Akaligusisha na udongo ili lionekane la zamani. Hakujisikia mwizi. Alijisikia mtu anayemhurumia mpenzi wake.

Binti alipofungua mlango na kukiona chungu, alikipokea kwa mikono miwili. Akatafuta lile jani, akapitisha kidole kwenye pengo taratibu.

"Mkasi wa mama huu," akasema. Akamrukia kijana shingoni, akamlowesha kola kwa machozi. "Umenirudishia mama yangu. Nitakulipa nini, Majani?"

Kijana alimshika tu. Juu ya bega lake aliliona lile pengo, na kwa mara ya kwanza akatamani asingelikata.

Miezi ikapita, na mapenzi yakakolea. Jumapili moja walikuwa kwenye bustani ya hospitali anayoitunza yeye, wamekaa kwenye benchi kati ya hibiskasi nyekundu na mayungiyungi aliyoyapanda kwa mkono wake. Binti alivaa gauni la manjano, viatu amevivua, miguu kwenye nyasi. Mvua ikaanza kudondoka, nao wakakaidi, wakabaki palepale.

"Mapokezi, nataka kuja kwenu. Kwa heshima, na watu wangu."

Binti akachora nyasi kwa kidole cha mguu. Alipogeuka, hakuwa na utani usoni.

"Kwetu ni nani, Majani? Ni mama mdogo, na mimi, na lile ua."

"Basi nije kwa hao."

"Sikiliza. Ua lake likichanua, mama alikuwa anaita watu. Anavaa gauni lake zuri, tunakunywa chai roshani, anacheka siku nzima. Mimi siwezi kujibu neno kubwa hivyo mama hayupo. Nitakujibu likichanua. Siku hiyo nitajua yupo."

Mvua ilikuwa inamwingia kijana shingoni. Angeweza kusema. Mdomo aliufungua kabisa kwa nia ya kusema, na kilichotoka ni, "Sawa, kipenzi."

Tangu hapo aliishi kwa tumaini moja tu, kwamba okidi ile aliitoa kwenye meza ya nyeupe. Nyeupe zenye koo la njano ziko nyingi. Ingechanua nyeupe, binti angesema ndiyo, na yeye angemlipa kwa kumpenda maisha yake yote. Hivyo ndivyo alivyojipigia hesabu akiwa peke yake kati ya vyungu.

"Majani! Majani wangu!" Simu ilikuwa inapasuka kwa furaha. "Limetoa kikonyo! Kinapanda juu kama kidole!"

"Kweli?"

"Kweli tupu! Nimeshampigia mama mdogo. Jumamosi likifunguka anakuja, anataka kukuona huyo mkwe wa kwenye picha. Mbona hushangilii? Umeogopa? Unataka kunikimbia?"

"Nikukimbie niende wapi?"

Akampa na ufunguo, ili mchana yeye akiwa kazini, kijana apite kuisogeza okidi jua lisiiunguze. Akapita. Na mchana mmoja akainama karibu na tumba la kwanza, akaona kitu ambacho binti asingeweza kukijua bado. Tumba la okidi nyeupe hunenepa likiwa la kijani hafifu, rangi inayoelekea maziwa. Hili lilikuwa na zambarau inapenya kwenye mishono yake. Alilitazama kwa pembe hii na pembe ile, akalifunika jua kwa kiganja. Zambarau ilibaki palepale. Wateja wa kitaluni huinua okidi, huizungusha, huiweka meza yoyote, naye siku ile alichukua bila kuuliza.

"Kwani shida iko wapi?" mwenye kitalu akamwambia alipomkuta ameinamia ndoo. "Nyeupe zilizochanua zipo. Ufunguo unao. Msichana yuko kazini. Badilisha."

Ndiyo hivyo Alhamisi mchana akaingia kwenye nyumba ya watu kimyakimya, okidi nyeupe ya kupendeza kifuani, mkasi mfukoni. Vyumba vilinukia sabuni. Kwenye cherehani ya marehemu pametandikwa gauni jipya la rangi ya maziwa, pindo lake limeshikizwa kwa pini, la kuvaliwa Jumamosi. Akapita bila kuligusa. Akaweka okidi mbili pamoja roshani, akatoa mkasi, akashika jani la ile nyeupe apate kulikata pengo.

Mkono ukakataa. Aliona miaka yote mbele yake: kila mwaka ua linachanua, mke wake anavaa vizuri, anaandaa chai kwa ajili ya mama yake, na yeye mume amekaa pale anamiminiwa kikombe, anajua hakuna mtu. Mpaka wazeeke. Akaona angekuwa naye na asiwe naye. Akaweka mkasi chini, akakaa sakafuni kati ya vyungu viwili, akamngoja.

Binti alirudi jioni, viatu mkononi, anaimba kwa pua. Akamkuta.

"He! Majani! Mbona hukuniambia..." Akaona okidi mbili, akapiga makofi. "Umemletea mama mwenzake! Jamani, huyu mwanamume! Nyeupe kama yake! Njoo hapa nikubusu."

"Kaa kwanza."

"Sikai, njoo."

"Kaa, mpenzi wangu. Nakuomba."

Akakaa. Naye akamwambia yote, kuanzia mizizi laini hadi moyo mweusi, meza ya nyeupe, tumba la zambarau. Hakumtaja mwenye kitalu kabisa. Binti alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, binti akanyoosha kidole polepole, akagusa lile pengo.

"Na hapa?"

"Ni mimi."

"Kwa mkasi gani?"

"Wa kitaluni."

"Kila asubuhi nabusu hapa kabla ya kwenda kazini," binti akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha."

"Niliogopa kukuumiza. Wallahi sikutaka ulie."

"Ungeniacha nilie!" Akasimama, na sauti ikampasuka. "Ungeniambia limekufa, Majani, nimeshindwa, limekufa. Ningelia. Ningelia begani kwako, na ningekupenda kuliko nilivyokuwa nakupenda. Ulinieleza kazi yenu siku ya kwanza, mteja asione jani likifa, nami nikacheka. Sikujua na mimi ni mteja."

"Wewe si mteja. Wewe ndiye mtu wangu."

"Mtu wako humbadilishii mama." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lenyewe liko wapi?"

"Lilikwenda kwenye mboji."

"Mboji iko wapi, nikalichukue?"

"Imeshachanganywa na udongo. Imekwenda kwenye vyungu."

"Vyungu gani?"

"Vya mjini kote. Sijui ni vyungu vipi." Alisema kweli, na kweli hiyo ilikuwa mbaya kuliko uongo wote alioutunga. "Nisamehe. Nilikuja leo nibadilishe tena, nimeshindwa. Ndiyo maana nimekaa."

Binti akamgeukia. Macho yalikuwa yamejaa, na ndani yake mapenzi yalikuwa bado yapo, hilo ndilo lililomchoma kijana kuliko matusi ambayo angetukanwa.

"Unajua nilikuwa nimeshakubali?" akasema kwa sauti ndogo. "Palepale kwenye mvua. Nilikuwa nangoja tu mama awepo nikikwambia. Gauni lile nimelishona mwenyewe, kwa cherehani yake."

"Mapokezi..."

"Usiniite hivyo leo. Yule niliyemkubali alinirudishia mama yangu mikononi. Sasa simjui ni nani. Na wewe sijui ni nani, nakutazama tu."

Akachukua simu. Akakosea namba mara mbili. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitika kwa shangwe, mpaka kijana akaisikia alipo.

"Bibi harusi! Limefunguka?"

"Mama mdogo, usije Jumamosi."

"Kwa nini tena? Nimeshapiga pasi nguo."

"Hakuna ua, mama mdogo." Akavuta pumzi, ikamkatikia njiani. "Mama amekufa."

"Mwanangu," sauti ikajibu taratibu, "dada yangu alikufa mwaka jana. Tulimzika pamoja, mimi na wewe. Una nini?"

"Hapana, mama mdogo. Amekufa leo."

Na hapo kilio kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, cha mtu anayemwita mama yake kwa jina la utotoni. Simu ikaanguka sakafuni, inasema peke yake, "Nakuja, mwanangu, nakuja sasa hivi." Kijana akapiga hatua moja kumwelekea. Binti akainua kiganja bila kumtazama, kumzuia. Akazuilika.

Akaweka ufunguo juu ya meza. Akabeba okidi zake mbili, moja kila kwapa, akatoka, akavuta mlango kwa mguu mpaka ukafungika. Hakuweza kwenda mbali. Akakaa kwenye ngazi, vyungu pembeni yake, akamsikiliza akilia kule ndani bila bega la mtu.

Haikuchukua muda, akasikia viatu vinapanda kwa haraka. Mwanamke wa makamo akatokea kwenye kona, mtandio umemteleza, anahema, sura ileile ya binti iliyoongezwa miaka. Akasimama mbele yake, akatazama buti zenye udongo, akatazama maua.

"Wewe ndiye kijana wake wa maua? Nimekujua kwa picha."

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba." Kilio kikapita mlangoni kikawafikia wote wawili. Mama mdogo akamgusa bega kwa upole, kama mtu wa nyumbani. "Sasa mbona umekaa nje, mkwe wangu? Mwenzako analia. Ingia umshike."

Kijana alivisogeza vyungu ukutani, mama apate kupita.